Mzazi Ashike Filimbi

Kuna maneno mawili yasemwayo juu ya kila mzazi anayejitolea kufundisha timu ya watoto mtaani kwake. La kwanza, ana lake jambo. La pili, hajui kitu. Maneno haya husemwa na watu wazima waliosimama kando ya kiwanja, mikono mifukoni, na mara nyingi husemwa kwa sauti ambayo mzazi yule aweza kuisikia. Mimi nakusudia kuyapinga yote mawili, na kuwapinga wasemaji wake pia. Wao ndio wengi, nao ndio wenye nafasi ya kusimama pale mpaka magharibi. Lau mmoja tu katika kila kumi angevuka mstari na kuingia ndani, nisingekuwa na haja ya kuandika.

Hebu tutazame hali ilivyo. Saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wamekwisha kutoka shuleni, ni shida kupata kipande cha ardhi tambarare kisicho na mpira. Huchezwa baina ya nyumba na nyumba, katika kiwanja cha shule ya msingi lango likiachwa wazi, katika shamba lililovunwa mahindi, na kwa watoto wa pwani, mchangani maji yakishapwa. Mpira wenyewe huenda ukawa wa dukani, huenda ukawa wa matambara yaliyokazwa kwa kamba. Timu zina majina makubwa ya Uingereza. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba sheria ya mahali pale ni moja tu, nayo ni nguvu. Mwenye mpira akikasirika huondoka nao, na mchezo huishia hapo. Mkubwa hakubali kucheza nyuma. Mdogo kuliko wote hutiwa golini kila siku, si kwa sababu ajua kudaka, bali kwa sababu hana wa kumtetea, na mpira ukiingia katika ua wa miiba ni yeye aendaye kuutoa. Msichana akisogea huambiwa arudi nyumbani akachote maji. Mtu akiumia, wenziwe hutawanyika.

Siku moja hutokea mtu mzima. Labda ni fundi wa baiskeli aliyefunga kibanda chake mapema, labda ni mama muuza mboga, labda ni askari aliyestaafu. Mwanawe yumo katika kundi lile. Huwaambia watoto: kesho tukutane hapa saa kumi na nusu, kila mmoja aje na maji yake ya kunywa. Hapo ndipo taabu yake ianzapo.

Wa kwanza kumkabili ni yule asemaye kwamba ana lake jambo. Sitaki kumdhulumu msemaji huyu, maana shaka yake ina mzizi. Nchini kwetu uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka 5, nao hufuatana na vikombe. Jezi hugawiwa zenye sura ya mtu kifuani, fahali huahidiwa mshindi, hotuba hutangulia mpira. Mwaka unaofuata kiwanja kimeota magugu. Aliyeyaona hayo mara mbili au tatu ana haki ya kuuliza. Lakini aulize kwa macho kabla ya kuuliza kwa ulimi. Mtafuta kura huja Jumamosi pamoja na mpiga picha. Mzazi huja Jumanne, manyunyu yakianguka, watoto wakiwa 7 badala ya 20, wala hapana ampigiaye makofi. Mwezi mmoja watosha kuwapambanua watu hawa wawili, na ambaye mwezi mmoja haukumtosha hakuwa na nia ya kuona.

Tena niseme jambo ambalo watetezi wa wazazi hawa huona haya kulisema. Naam, ana lake jambo. Jambo lake ni mwanawe. Kuna ubaya gani? Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport nchini Marekani, mtu aitwaye Carl Stotz alianzisha ligi ya besiboli yenye timu 3 tu, kwa sababu alitaka watoto wa jamaa yake wapate mahali pa kucheza kwa utaratibu kama watu wazima. Akakipunguza kiwanja kilingane na miguu ya watoto, akatafuta watu wazima wa kuwaongoza. Ligi hiyo, Little League, imeenea katika nchi nyingi za dunia, nayo hutegemea zaidi wazazi wasiolipwa. Mapenzi ya nyumba moja yalivuka ua yakaingia katika nyumba za watu wengine. Anayetaka timu ya mtaa wake ifundishwe na mtu asiye na lake jambo hata kidogo atangoja sana, maana mtu wa namna hiyo hana sababu ya kutoka nyumbani kwake jioni.

Wa pili huuliza: amesomea wapi kazi hii? Swali hili lasikika kuwa la busara, nami niliyepita katika chuo cha ualimu sina dharau juu ya vyeti. Walakini namwalika muulizaji afike Iten. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawatazama tena, akauliza, akajaribu, akaacha lisilofaa. Katika shule ile alitoka Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye mikononi mwa O'Connell alipita David Rudisha, ambaye mwaka 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, kasi ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa ameifikia kabla ya siku ile. Naye Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72.

Asije mtu akasema nimesifu ujinga. Mifano hii yaonyesha kwamba jicho lenye subira ni shule, na kwamba lipo jambo ambalo cheti hakiwezi kulitangulia, nalo ni kuwapo. Chama cha mchezo kikitoa mafunzo ya siku chache, mzazi na aende, hata ikimbidi kuazima nauli. Lakini mtoto wa miaka 9 hahitaji mtu aliyesoma mbinu za vilabu vya Ulaya. Ahitaji mtu anayejua kwamba watoto 22 wakiwekwa katika kiwanja kizima na mpira mmoja, walio pembeni hukaa dakika nyingi bila kuugusa. Basi awagawe wanne wanne au watano watano, mawe mawili yawe goli, na kila mguu utapata kazi. Ahitaji mtu anayejua kwamba mpira namba 5 ni wa wakubwa, na kwamba wa miaka 8 hadi 12 huchezea namba 4. Ngurumo ikisikika, wote watoke kiwanjani, wala wasikimbilie chini ya mti. Mtoto akigongwa kichwani akapepesuka, au akasahau alipo, atolewe, wala asirudishwe siku ile hata akilia na hata timu ikiwa nyuma kwa bao moja, na daktari amwone. Goli la chuma ambalo halikufungwa ardhini laweza kumwangukia anayening'inia, kwa hiyo na lifungwe kabla mchezo haujaanza. Haya yote fundi wa baiskeli aweza kuyajua kwa juma moja akitaka. Wale waliosimama kando wakimwuliza cheti, nina shaka kama wayajua matatu kati yao.

Wa tatu ndiye anichomaye zaidi, kwa kuwa hunitaja mimi. Huyu husema kwamba michezo ni kazi ya walimu, na karo amekwisha kulipa. Ndugu yangu, mwalimu ana madaftari ya darasa zima mezani pake. Hata angekuwa hana, mtoto wako hukaa nyumbani Jumamosi na Jumapili, hukaa nyumbani Aprili, hukaa nyumbani Agosti, na mwisho wa mwaka hukaa nyumbani majuma mengi mfululizo. Nani atamtazama siku hizo? Mimi nina wangu nyumbani. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, nasi twaipenda sana methali hiyo katika mikutano ya wazazi. Tukitoka mkutanoni tunauacha ule mkono mmoja palepale ulipokuwa. Namjua baba wa namna hii. Aweza kukuambia mchezaji gani wa London ameumia goti, goti la kulia ama la kushoto, na atarudi uwanjani lini. Mwulize mwanawe avaa kiatu namba ngapi, atamwita mkewe.

Hao watatu ni wepesi kujibiwa. Yupo wa nne, naye simjibu kwa haraka, maana asema kweli. Husema kwamba mzazi akiwa kocha, mwanawe huwa nahodha. Mwanawe ndiye apigaye penalti, mwanawe hatolewi hata akichoka, na mtoto wa jirani mwenye mguu bora huketi kando akikata nyasi kwa vidole. Nimeyaona hayo, na wasomaji wengi wameyaona. Huenda wengine ndio waliokuwa wakikata nyasi. Tena upo upande wa pili wa ubaya huohuo, usiosemwa mara nyingi: yule mzazi ambaye kwa kuogopa kushtakiwa upendeleo humfanya mwanawe mbuzi wa kafara, akamkaripia mbele ya wenziwe kwa kosa ambalo kwa mwingine angelinyamazia, kisha akaendelea kumkaripia njiani, na mezani, mpaka mtoto akauchukia mpira na kumwogopa baba.

Ushindi hauponyi jambo hili. Nchini Norway mzazi aitwaye Gjert Ingebrigtsen, ambaye hakusomea ukocha, aliwafundisha riadha wanawe Henrik, Filip na Jakob, na wote watatu wakawa mabingwa wa Ulaya wa mita 1500, mwaka 2012, 2016 na 2018. Jakob alishinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021. Mtu akikoma hapo atasema: huyu ndiye mzazi wa kuigwa. Lakini mwaka 2022 wana hao waliachana naye kama kocha, na mwaka 2023 wakamtuhumu hadharani kwa ukali na mapigo. Mahakama ya huko mwaka 2025 haikumtia hatiani kwa mashtaka yaliyomhusu Jakob. Ilimtia hatiani kwa kosa moja, la kumpiga binti yake kwa taulo. Sheria imesema neno lake, nami siongezi. Natazama tu nyumba iliyojaa medali ambamo baba na wana walikutana mahakamani.

Basi tufanyeje? Wako wanaosema tumfukuze mzazi kiwanjani. Mimi nasema tumwekee masharti, na sharti la kwanza ni kwamba asiwe peke yake. Wazazi wawili wafundishe timu moja, na katika mambo ya mtoto wa huyu aamue yule: kama ataanza, kama atatoka, kama atavaa kitambaa cha unahodha. Hilo si jambo gumu. Laweza kuanza Jumamosi ijayo bila barua wala muhuri. Watu wawili huleta na faida nyingine iliyo kubwa kuliko mpira. Hakuna mtu mzima anayepaswa kubaki faraghani na mtoto wa mwenziwe kwa kisingizio cha mazoezi, awe mzazi, awe mwalimu, awe nani. Mazoezi yafanyike mahali panapoonekana, na anayesindikiza watoto jioni asisindikize mmoja. Mzazi mwema hataudhika kwa sharti hili. Atakayeudhika, na tumtazame vizuri.

Sharti la pili ni fimbo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda mtoto dhidi ya mateso mahali popote awapo. Hata hivyo bado utamkuta kocha wa mtaa ameshika ufito mkono mmoja na filimbi mkono wa pili, na wazazi wakimsifu ati ni mtu wa nidhamu. Filimbi yatosha. Mtoto akosaye pasi haikosi kwa ukaidi.

Sharti la tatu ni langu mwenyewe, wala sijalisoma popote. Ukitaka kumpima mzazi aliye kocha, usihesabu mabao. Mtafute yule mtoto aliye dhaifu kuliko wote katika timu, uhesabu dakika alizocheza. Timu ya watoto wa miaka 10 iliyoshinda mabao 6 kwa 0 huku watoto 4 wakikaa kando mchana kutwa imemshinda nani? Na huyu kocha wa kushinda tu ndiye baadaye aletaye mamluki, kijana aliyeota ndevu akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, akamsimamisha mbele ya mlinda lango wa miaka 12. Mimi humheshimu zaidi mama asiyejua kanuni ya kuotea lakini ana daftari lenye majina yote na dakika za kila jina.

Nimesema mama, na najua kuna watakaotabasamu. Tangu mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiendesha kandanda ya wasichana huko Kilifi, mahali ambapo wengi walidhani mpira na msichana havikutani. Watoto wenyewe hawajali filimbi imeshikwa na mkono gani. Twajali sisi.

Kadhalika husemwa kwamba haya yote hayawezekani bila fedha. Mathare ilikuwa na fedha gani mwaka 1987? Mwaka huo Bob Munro, mtu wa Kanada aliyekuwa akiishi Nairobi, alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi zake MYSA. Kilichokuwapo kwa wingi mtaani kilikuwa taka. Wakafanya taka kuwa sehemu ya mchezo: timu iliyosafisha mtaa ilipata pointi katika ligi, sawa na timu iliyoshinda mechi hupata pointi. Watoto wakaokota taka kwa bidii ileile ya kufunga mabao. Kutokana na chama hicho ilizaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Sisemi kila mtaa utatoa bingwa. La, mingi haitatoa. Nasema tu kwamba walioanza hawakungoja.

Nanyi wanafunzi msomao haya, msijione kuwa mko nje ya shauri hili. Mnao wadogo zenu kiwanjani. Nimewasikia baadhi yenu mkimcheka mzazi anayejitolea, kwamba jezi yake imepauka, kwamba amekosea jina la mchezaji, kwamba akikimbia tumbo hutangulia. Kijana wa miaka 16 aweza kubeba mipira, aweza kuwa mwamuzi wa wadogo, aweza kukaa na wale wanne walio dhaifu akawafundisha kutuliza mpira kwa upande wa ndani wa mguu. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu isipokuwa ya mzazi yule yule mnayemcheka, naye hatawanyima, maana amechoka.

Limebaki neno moja la wale waliosimama kando, nalo hulisema mwisho, wakiona mengine yote hayakufaa. Husema: huyu mzazi atafundisha kwa muda gani? Mwanawe akipita umri wa timu, naye ataondoka. Huenda ni kweli. Mtoto wa miaka 10 leo, baada ya miaka 4 atakuwa shule ya bweni, na baba hatakuwa na jambo lake tena pale kiwanjani. Atakuja siku hiyo na mipira 3, mmoja ukiwa umeshonwa, na daftari, na kamba ya kufungia goli. Atatazama kando ya kiwanja kuona nani atavipokea. Mama wa mlinda lango mpya atakuwa pale; amekuwa akija kila Jumanne tangu mvua za masika, na anajua majina yote.